Intaneti ya akiba ya nyumba ya wanafunzi: isife siku moja na ile ya kwanza

Nyumba nyingi za wanafunzi zinazosema zina intaneti ya akiba hazina akiba; zina intaneti ileile mara mbili. Faiba imelipiwa, kisha ikachukuliwa ruta ya laini ya simu ya kampuni hiyohiyo kwa sababu ofa ilivutia, na zote mbili zikachomekwa kwenye ekstensheni moja nyuma ya kochi. Umeme ukikatika zinazima pamoja. Mitambo ya kampuni ikianguka zinabaki zimewaka taa vizuri tu, na hakuna ukurasa unaofunguka. Njia ya pili ina kazi moja: kuwa hai saa ambayo ya kwanza imekufa. Kasi na ofa vinafuata nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuulizana mnunue nini, ulizaneni nyumba yenu huwa inakatikiwa na nini.

Kinachokatika ni kipi

Jipeni wiki nne. Bandikeni karatasi karibu na ruta, na kila intaneti ikipotea mtu aandike mambo manne: saa, kama umeme ulikuwepo, taa zilizokuwa zimewaka, na ilirudi baada ya muda gani. Karatasi hiyo ina faida kuliko ushauri wa muuzaji yeyote.

Taa zenyewe zinasema mengi. Kwenye kiboksi cha faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki: waya umekatwa mahali, umekunjwa kupita kiasi nyuma ya meza, au kichwa chake kimeingia vumbi. Waya wa faiba haupendi kona kali. Ukiufunga fundo kama kamba ya kiatu mwanga unavuja pembeni. Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, mwanga upo ila kiboksi hakijatambuliwa na mtambo wa upande wa pili. Hapo mnapiga simu, hamna cha kurekebisha nyumbani. Taa zote zikiwa sawa na kurasa zimegoma, andika https://1.1.1.1 kwenye kivinjari. Ikifunguka, intaneti ipo na kilichokufa ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS ya ruta na shughuli imeisha.

Na ikiwa ni huduma moja tu iliyogoma, iacheni ruta kwanza. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka duniani kote kwa takriban saa sita, kosa likiwa ndani ya kampuni yenyewe. Ruta zilizozimwa na kuwashwa siku ile hazikuwa na hatia.

Kuna kipimo kimoja zaidi ambacho watu hukiruka. Chomeka kompyuta moja kwenye ruta kwa kebo. Kama ya kebo inapata na za Wi-Fi hazipati, tatizo ni hewa ya ndani ya nyumba, na intaneti ya pili haitalitibu. Toeni ruta kabatini, iwekeni juu na katikati ya nyumba. Masafa ya 2.4 GHz yapangiwe chaneli 1, 6 au 11, na vifaa vilivyo karibu vihamie 5 GHz. Si ajabu mkasoma karatasi yenu baada ya mwezi mkagundua mlichokosa muda wote ni hicho, au betri.

Betri kabla ya njia ya pili

Hapa ndipo fedha ndogo inafanya kazi kubwa, na pia ndipo lebo zinadanganya sana.

Faiba nyingi za majumbani ni za aina ya PON: mwanga unagawanywa mtaani kwa vigawanyio visivyotumia umeme hata kidogo. Umeme wa mtaa ukizima, mara nyingi mwanga unaendelea kufika hadi ukutani kwenu, na kilichokufa ni viboksi viwili vilivyo sebuleni. Mnara wa simu nao unategemea betri au jenereta, na betri huisha. Matokeo yake yanawashangaza wengi: umeme ukikatika kwa muda mrefu, faiba yenye betri nyumbani inaweza kuishi kuliko intaneti ya simu. Intaneti ya waya wa shaba wa televisheni haina bahati hiyo, maana ina vikuza mawimbi njiani vinavyohitaji umeme.

Soma kibandiko cha adapta ya kila kifaa. Ruta na kiboksi cha faiba vingi hutumia volti 12, kwa ampea 1 hadi 1.5, yaani wati 12 hadi 18 kila kimoja kwa kiwango cha juu. Matumizi ya kawaida huwa chini ya hapo. Tuseme viwili pamoja vinakula wati 15. Sasa angalia UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ya volti 12 iliyoandikwa 10,000 mAh. Namba hiyo imehesabiwa kwa volti 3.7 za seli zilizo ndani, si kwa volti 12 zinazotoka. Zidisha: ampea-saa 10 mara 3.7 ni wati-saa 37. Toa kama asilimia 15 zinazopotea kwenye kubadilisha volti, zinabaki wati-saa 31 hivi. Gawa kwa 15: saa mbili. Mtu aliyesoma "10,000" akadhani ni usiku kucha atajifunza gizani.

Pawabenki ya 20,000 mAh kwa hesabu hiyohiyo inatoa saa nne, ila ina mitego yake. Kebo ya kupandisha volti inayochomekwa kwenye tundu la USB la volti 5 na ampea 2 haiwezi kutoa zaidi ya wati 10. Ruta itawaka, watu watatu wataingia, itazima na kuanza upya. Kwa USB-C, soma orodha ya volti iliyochapishwa kwenye pawabenki: baadhi zina 5, 9, 15 na 20, na 12 haimo. Halafu kichwa cha waya. Vya 5.5 × 2.1 mm na 5.5 × 2.5 mm vinafanana kwa macho, lakini cha 2.5 kikiingia kwenye pini ya 2.1 kinalegea, na ruta inajizima kila meza ikitikiswa. Hakikisha pia chanya iko katikati kama mchoro wa kwenye adapta unavyoonyesha, na usipeleke volti 12 kwenye kifaa cha 5 au 9. Kinaweza kuungua mara moja, bila onyo.

Tofauti ya kweli

Mkishamalizana na umeme, swali ni njia ipi isiyogusana na ile ya kwanza. Kosa kubwa ni kununua njia mbili za kampuni moja. Tarehe 8 Julai 2022 kampuni ya Rogers ya Kanada ilipoteza mtandao wake mkuu kwa kosa lililotokea wakati wa maboresho, na simu za mkononi zikakatika pamoja na intaneti ya majumbani, nchi nzima. Tarehe 8 Novemba 2023 yakaikuta Optus ya Australia, simu na intaneti kwa pamoja. Mteja aliyekuwa na faiba na laini ya simu za kampuni hiyo alikuwa na bili mbili na intaneti sifuri.

Majina mawili tofauti pia hayatoshi. Kampuni ndogo za simu mara nyingi hazina minara. Zinakodi ya kampuni kubwa. Ukiwa na laini ya kubwa na ya ndogo inayokodi kwake, una mnara mmoja. Kampuni mbili za faiba zinaweza kupitisha nyaya kwenye nguzo ileile au mtaro uleule, na koleo la mchimba barabara halisomi nembo. Tokeni nje mwangalie: waya wa kila kampuni unaingilia upande gani, unapanda nguzo ipi. Muulizeni fundi anayekuja kufunga waya unatoka kabati gani. Mafundi husema ukweli ambao tangazo halisemi.

Kuna kiwango ambacho nyumba haiwezi kujikinga, na ni vyema kukikubali mapema. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilidhoofika kwa mkupuo, faiba na simu vilevile, kwa kuwa trafiki ya kampuni nyingi ilipita humo. Msiongeze gharama kwa ajili ya siku kama hizo. Pakueni mihadhara na vitabu mapema, basi.

Laini ya simu: chagua mnara, si tangazo

Kwa nyumba nyingi jibu litakuwa ruta ya 4G au 5G, au simu iliyowashwa hotspoti. Haihitaji kuchimba ukuta, mkataba mrefu wala ruhusa, na inahamishika mkihama. Tatizo ni kwamba watu huichagua kwa kupima kasi siku ambayo faiba inafanya kazi.

Fikiria kinachotokea faiba ya mtaa ikikatwa. Nyumba zote zilizokuwa juu yake zinawasha hotspoti ndani ya dakika tano, na nyingi zinaangukia kwenye mtandao uleule maarufu. Mnara uliokupa megabiti 60 jana mchana unakupa mbili, tena kwa kusitasita. Kwa hiyo mtandao wa pili au wa tatu kwa umaarufu mtaani kwenu, wenye mawimbi ya wastani na wateja wachache, unaweza kuwa akiba bora kuliko wa kwanza. Azimeni laini za marafiki, pimeni kila mtandao asubuhi, kisha saa mbili hadi saa nne usiku, na kama bahati ikiwapa siku ya kukatika, pimeni siku hiyo. Kipimo cha siku hiyo kimoja kinazidi vya siku za kawaida kumi. Msiangalie kasi ya kupakua peke yake: kwa darasa la mtandaoni, pingi (muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi) iliyotulia chini ya milisekunde 100 na kasi ya kupandisha isiyoshuka chini ya megabiti 1 kwa kila mtu ndivyo vinavyoamua kama mwalimu atakusikia.

Msiamini vile vijiti vya mtandao juu ya skrini. Someni namba ya RSRP, inayopima nguvu ya mawimbi, kwenye ukurasa wa ruta, au kwenye sehemu ya hali ya laini katika mipangilio ya Android. Kwenye iPhone piga *3001#12345#*. Namba ni hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo nzuri: −80 dBm ni nguvu, −90 ni sawa, −100 inatumika kwa uvumilivu, chini ya −110 ni kubahatisha. Kila dBm 10 ni tofauti ya mara kumi kwa nguvu ya mawimbi, kwa hiyo kuisogeza ruta kutoka katikati ya nyumba hadi dirisha linalotazama mnara si jambo dogo. Pembeni yake kuna SINR, inayopima usafi wa mawimbi: juu ya 20 ni safi sana, chini ya 0 kelele imezidi sauti. RSRP nzuri na SINR mbovu maana yake unasikia minara miwili inayoongea kwa pamoja. Geuza ruta, au ihamishie dirisha jingine.

Masafa ya 700, 800 na 900 MHz hupenya kuta vizuri lakini hubeba kidogo; ya 1800 hadi 2600 hubeba sana lakini ukuta mnene huyala. Ruta nyingi za 4G hukuruhusu kuchagua bendi, yaani mojawapo ya masafa hayo, na inafaa kujaribu moja moja, kwa sababu ruta ikiachiwa hujing'ang'aniza kwenye bendi yenye mawimbi makubwa hata kama imejaa watu. Mkifikia kununua antena ya nje, angalieni kwanza kama ruta ina matundu yake, na ziwe kebo mbili, si moja, kwani 4G hutumia antena mbili kwa wakati mmoja. Kebo nyembamba ya antena yenye urefu wa mita 10 inaweza kula faida yote iliyoletwa na antena. Ni afadhali ruta yenyewe ikae dirishani na kebo ya kawaida ya mtandao, inayofika hadi mita 100 bila shida, ndiyo ivutwe hadi sebuleni.

Simu ya mkononi kama akiba si mbaya kwa watu wawili au watatu. Ikiwezekana iunganishwe kwa waya wa USB: inachajiwa papo hapo na haigombanii hewa ya Wi-Fi. Itolewe kava na isikae juani, maana simu ikipata joto hupunguza kasi yenyewe.

Njia nyingine, kwa kifupi. Satelaiti za juu sana, zilizo kilomita 35,786, zina ucheleweshaji wa milisekunde 600 hivi kwenda na kurudi, kwa hiyo kwenye mjadala mtaongea kwa kukatana maneno. Za chini kama Starlink, zilizo kama kilomita 550, zimo kati ya 25 na 60, na hazina uhusiano na nguzo za mtaani. Ila sahani ya kawaida inakula wati 75 hadi 100, ile ndogo 25 hadi 40, na zote zinataka anga wazi na ruhusa ya mwenye nyumba, mbali na leseni ya nchi husika. Intaneti ya kisahani cha paani kinachotazamana na mnara wa kampuni ya jirani ni nzuri kama hakuna mti wala jengo katikati. Kubadilishana nenosiri na nyumba ya pili yenye kampuni tofauti ndiyo njia rahisi kuliko zote, mkikumbuka kwamba mwenye mkataba ndiye atakayeulizwa kwa yale mliyofanya, na kwamba mikataba mingi inakataza kuuza intaneti kwa mtu mwingine.

Bando la akiba linaliwaje

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kujiunga na bando. Bando lina tarehe, na laini isiyotumika miezi kadhaa hufungwa. Hapo ndipo akiba nyingi hufia: siku inapohitajika, ruta inawaka na laini haipo tena mtandaoni.

Hesabu ya data si ngumu. Megabiti 1 kwa sekunde ikienda saa nzima ni MB 450. Darasa la video la kundi huchukua kama megabiti 1 kushuka na 0.6 kupanda, yaani MB 720 kwa saa kwa kila mtu. Watu sita wenye saa mbili za masomo kila mmoja ni GB 8.6 kwa siku. Zimeni kamera, pokeeni sauti tu, na inashuka hadi MB 72 kwa saa. Siku nzima ya nyumba inakuwa chini ya GB 1. Ukiongeza slaidi bado hufiki robo ya ile ya kwanza. Filamu ya ubora wa HD ni hadi GB 3 kwa saa, na apdeti moja ya gemu inaweza kumaliza bando la mwezi kabla mwenye kompyuta hajarudi kutoka kuoga.

Kwa sababu hiyo, chagueni bando la muda mrefu na GB za wastani, si kubwa la siku moja. Zimeni kwenye akaunti ya laini kule kukatwa salio la kawaida bando linapokwisha, ama sivyo ruta italila usiku kwa bei ya bila bando. Ondoeni PIN ya laini kabla ya kuiweka kwenye ruta: umeme ukirudi, ruta iliyofungwa PIN inaweza kukaa kimya ikisubiri namba. Na hakikisheni APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu, imeandikwa sawa, kwa kuwa ruta zilizotoka kampuni nyingine hazijui ya kwenu. Ruta nyingine zimefungwa zisikubali laini ya kampuni tofauti kabisa; jaribuni kabla ya kulipa.

Ibadilike yenyewe, au mtu aibadilishe?

Mafundi hupenda ruta yenye milango miwili ya intaneti inayojibadilisha yenyewe. Kwa ofisi, sawa. Kwa nyumba ya wanafunzi sita, maoni yetu ni kwamba kubadilisha kwa mkono ni bora, na sababu si umaskini wa vifaa. Ruta ikihama kimyakimya, Wi-Fi ni ileile, jina lilelile. Hakuna kompyuta inayojua kwamba sasa inatumia data ya kuhesabiwa. Televisheni inaendelea na tamthilia, Windows inashusha apdeti, picha za simu zinapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni, na hadi mtu atambue faiba imekatika, akiba imekwisha.

Mpango wa mkono ni huu. Ruta ya 4G ikae peke yake na Wi-Fi yake, jina lisilofichika kama "AKIBA-masomo", nenosiri tofauti, na televisheni isipewe. Idadi ya vifaa iwekewe kikomo cha idadi ya wakazi. Kama ruta inaruhusu, kila kifaa kipewe megabiti 2 tu. Zinatosha darasa na hazitoshi anasa. Kila mtu aingie mara moja, kisha aiweke Wi-Fi hiyo kuwa ya data ya kipimo kwenye Windows au Android, au awashe hali ya data kidogo kwenye iPhone, na azime kujiunga kwake kiotomatiki. Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na simu zinajibanza kwenye akiba wiki nzima faiba ikiwa nzima.

Mkitaka kiotomatiki licha ya hayo, kuna ruta kama TP-Link ER605, za MikroTik, au yoyote inayokubali OpenWrt, programu huru ya kuendesha ruta, pamoja na kifurushi cha mwan3 kinachosimamia njia zaidi ya moja. Makosa matatu hurudiwa. La kwanza ni anwani: ruta kuu na ruta ya 4G zote zikiwa 192.168.1.1, moja nyuma ya nyingine, hazitaelewana. Ya 4G ihamishiwe 192.168.50.1. La pili ni kupima uhai kwa kupigia pingi kifaa kilicho karibu. Kiboksi cha faiba kitajibu hata waya ukiwa umekatwa nje, na ruta itaamini kila kitu ni salama. Pingeni anwani mbili za mbali, 1.1.1.1 na 8.8.8.8, na njia ihesabiwe imekufa pale zote mbili zinapokosa kujibu mara tatu mfululizo. Kila kipimo kikija baada ya sekunde 5, mtahama ndani ya sekunde 15 hadi 20. La tatu ni kurudi haraka mno. Faiba inayopepesa itawavuta na kuwarudisha kila dakika, na kila kuhama kunabadilisha anwani ya IP (namba inayowatambulisha mtandaoni), kunakata simu za video na kuwatoa watu kwenye tovuti zenye ulinzi. Msirudi hadi faiba itulie dakika tano. Kwa mwan3, msisahau kuipa kila njia namba yake ya kipaumbele. Zikifanana, moja haionekani kabisa.

Msichanganye hayo na kutumia njia zote mbili kwa wakati mmoja ili kupata kasi. Hiyo inakula bando kila siku, na akiba haipo tena.

Hosteli ambayo mtandao si wenu

Kwenye hosteli yenye Wi-Fi ya mwenye jengo hamna mamlaka juu ya njia ya kwanza, kwa hiyo akiba ni ya chumba au ya korido. Ruta ndogo ya betri yenye laini ya simu inatosha. Jambo la kuogopa ni tundu la mtandao ukutani. Ukichomeka kebo ya ukutani kwenye mlango wa LAN wa ruta yako (wa vifaa vya ndani) badala ya ule wa WAN (wa intaneti inayoingia), ruta yako itaanza kugawa anwani kwa jengo zima, na vyumba vya ghorofa ya juu vitapoteza intaneti bila kujua ni kwa nini. Hosteli nyingi hukataza ruta binafsi kwa sababu hiyohiyo. Ombeni ruhusa kwanza, au msiguse ukuta kabisa.

Kama chuo chenu kimo kwenye eduroam, mtandao wa vyuo ulioenea katika nchi zaidi ya 100, akaunti yako inafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kingine chochote kilichomo. Isanidi ukiwa chuoni kwako, ujaribu pale, kwa sababu cheti chake hakipakuliki kirahisi ukiwa huna intaneti. Jina la kuingilia ni kamili, pamoja na @ na anwani ya chuo.

Nani anaishika

Laini husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na huyo akihama katikati ya muhula akiba inaondoka naye. Chagueni anayebaki muda mrefu kuliko wengine. Mchango wa akiba utengwe na wa faiba, ukusanywe mwanzoni mwa muhula, maana siku ya kukatika hakuna anayetaka kuchanga na kila mtu anataka kuingia. Mara moja kwa mwezi, siku ya kulipia bando, chomoeni faiba kwa dakika kumi, washeni ya akiba kwa betri, na kila mmoja afungue ukurasa wa chuo. Mara nyingi ndani ya dakika hizo kumi kitu kimoja kitagoma: nenosiri limebadilishwa, betri imechoka, au laini imefungwa.

Siku ya mtihani wa mtandaoni kanuni zinageuka kidogo. Zimeni kubadilika kiotomatiki, kwa kuwa kuhama kwa IP katikati ya mtihani kunaweza kumtoa mtahiniwa nje ya programu ya usimamizi. Anayefanya mtihani achague njia iliyotulia zaidi asubuhi hiyo, hata ikiwa ndiyo ya akiba, achomeke kompyuta kwa kebo, na simu yenye bando la mtandao wa tatu iwe karibu, imeshaunganishwa na kompyuta hiyo angalau mara moja kabla. Ikikatika, kwanza apige picha ya taa za kiboksi na skrini ya kompyuta, saa ikionekana, kisha ndipo ahamie simu. Barua ya maelezo kwa mwalimu inakuwa fupi zaidi ikiwa na picha hizo mbili.